Mtoto hajazoea joto, amenyamaza tu

Najua wengi mlingoja niandike kuhusu mgao wa chakula. Hiyo itakuja. Leo ni darasa la wadogo zetu, lile jipya la chekechea ambalo bloku yetu imeahidiwa, kwa sababu kamati inakaa Jumamosi kuamua ramani, na vile ninavyoona mambo yanakwenda, tutajenga sanduku la bati na kuwafungia watoto ndani.

Wenzetu wa Nyarugusu, Nakivale na Dzaleka mtanivumilia, mfano wangu ni wa hapa Kakuma, Turkana, ambako mchana nyuzi 35 ni kitu cha kawaida. Lakini bati ni bati, popote mlipo.

Ramani iliyopo mezani ni hii: kuta za mabati kuanzia chini mpaka juu, paa la bati, mlango mmoja wa chuma, na madirisha mawili madogo, yote upande mmoja. Sababu zimetajwa na sizidharau. Wezi walishabeba viti na sufuria ya uji kwenye darasa la zamani. Vumbi likianza hapa huoni hata mkono wako. Nyoka na nge wapo. Halafu kuna sababu ambayo watu wanaisema kwa sauti ya chini: bati linang'aa, mgeni akija kupiga picha anaona maendeleo. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama akasema hakutoka Fizi kuja kuona wajukuu wake wanasomea kibandani, na watu wakampigia makofi. Nilipouliza kuhusu joto, nilijibiwa kwa neno moja, tena na watu watatu tofauti: wamezoea.

Hilo neno ndilo limenifanya nikae niandike.

Mimi nasaidia kwenye darasa la sasa siku tatu kwa wiki. Watoto ni themanini na kitu, wa miaka 3 mpaka 6, chini ya bati lisilo na dari. Saa mbili asubuhi wanaimba mpaka bloku ya jirani inasikia. Saa nne wameanza kulegea. Saa tano nusu yao wamelala kwenye mkeka, wengine wanalia bila sababu, na mwalimu, mama mwenye watoto wake wanne nyumbani, anaambiwa na wanaokuja kukagua kwamba somo lake halichangamshi. Nani achangamke kwenye tanuri? Muhula uliopita mtoto mmoja wa kike alianguka akazimia. Sote tulidhani ni malaria. Zahanati walimweka kivulini, wakampa maji yenye chumvi na sukari, jioni alikuwa anaruka kamba.

Sasa hili neno "wamezoea". Lina ukweli ndani yake, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu watu wanachukua nusu ya ukweli. Nimesoma hii maneno kwa simu mpaka bando likaisha mara mbili, basi niwape kwa kifupi.

Zamani wataalamu wa majengo walikuwa wanaamini kuna joto moja linalomfaa binadamu. Mdenmark mmoja, P. O. Fanger, alitoa kitabu mwaka 1970 baada ya majaribio ambamo watu, wengi wao wanafunzi wa chuo, walikaa kwenye vyumba vya maabara ambavyo joto lake linapangwa kwa mashine, kisha wakaulizwa wanajisikiaje. Kutoka hapo ukapatikana mlinganyo, na majengo mengi ya dunia yakapangwa kwa mlinganyo huo. Lakini Waingereza wawili, Michael Humphreys na Fergus Nicol, wakaangalia watu kwenye maisha yao ya kweli, pamoja na takwimu za kutoka India na Iraq, wakaona watu wa nchi za joto wanaridhika kwenye joto ambalo mlinganyo wa maabara unasema hawawezi kuridhika. Mwaka 1998 Richard de Dear na Gail Brager walikusanya majibu kama 21,000 kutoka majengo 160 ya nchi mbalimbali, wakathibitisha kwamba joto linalomridhisha mtu linapanda pamoja na joto la nje alilolizoea. Mwaka 2004 Wamarekani wakaiingiza hesabu hiyo kwenye kanuni zao za ujenzi.

Kwa hiyo kamati iko sawa? Ngoja kwanza.

Hao wataalamu walisema mtu anazoea kwa sababu anafanya kitu. Joto likimzidi anafungua dirisha, anavua koti, anahamia kivulini, anakunywa maji, anajipepea na kipande cha katoni, anapumzika mchana na kufanya kazi jioni. Kuzoea ni hizo kazi zote ndogondogo zikiwekwa pamoja. Na hesabu yenyewe ya Wamarekani ina sharti: inatumika tu kwenye jengo ambalo waliomo ndani wanaweza kufungua na kufunga madirisha wenyewe. Wakinyimwa hiyo nafasi, hesabu haitumiki.

Sasa mtazame mtoto wa miaka 4. Dirisha halifikii. Mlango umefungwa ili asitoroke kwenda kwenye laga. Akisimama kuhamia penye hewa anaambiwa kaa chini. Maji yako kwenye jerikani moja, na kikombe anacho mwalimu. Amevalishwa sare, na kwenye shule moja ninayoijua sare hiyo ina sweta. Sweta, Kakuma! Mtu aliyebuni hiyo kitu nadhani alikuwa Nairobi mwezi wa saba. Mtoto huyu hana hata kitu kimoja cha kufanya, na hata neno la kusema "nasikia joto" hana bado, anasema tumbo linauma. Huwezi kusema amezoea. Mwenye kuzoea kwa niaba yake ni mtu mzima aliyejenga jengo na mtu mzima anayeshika ufunguo.

Juu ya hiyo, mwili wake si mwili wako uliopunguzwa. Mtoto mdogo ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, joto linamuingia upesi kuliko mtu mzima. Jasho lake ni kidogo. Na utafiti uliofanywa kwenye shule ya msingi ya Southampton, Uingereza, ulionyesha kwamba watoto wanaona joto mapema kuliko hesabu ya watu wazima inavyodhani, tofauti ya kama nyuzi 2. Uingereza, jamani, nchi ya baridi.

Nipige hesabu kidogo, mnaopenda namba mnifuate. Chukua wastani wa joto la nje, usiku na mchana, zidisha kwa 0.31, ongeza 17.8. Kwetu wastani ni kama nyuzi 30, kwa hiyo unapata 27.1. Hapo mtu mzima aliyezoea hali ya huku anaona raha. Mpaka 30.6 watu wanane kwa kumi bado wanavumilia vizuri. Hewa ikitembea ndani kwa meta 1.2 kwa sekunde, yaani upepo wa kupeperusha karatasi mezani, unaruhusiwa kuongeza 2.2, inafika 32.8. Sasa toa zile 2 za mtoto. Yaani hata tukimpa kivuli kizuri na upepo mzuri, mwisho wake ni nyuzi 30 na kidogo, na huku nje saa tano imeshapita hapo. Hatuna nafasi ya kuchezea. Kila nyuzi moja tunayoiongeza kwa ujenzi mbaya tunamwongezea mtoto ambaye ameshafika mwisho.

Na bati linaongeza nyingi. Watu wengi wanafikiri shida ni hewa tu, fungua dirisha basi imeisha. Paa la bati likipigwa na jua la saa sita linaweza kupita nyuzi 60, na lile joto linashuka lenyewe hata kama hewa ni nzuri, sawa na unavyokaa mbele ya jiko la mkaa: hujaligusa lakini uso unaungua. Watoto wetu wamekaa chini ya jiko lililogeuzwa juu chini. Bati likishika kutu ndiyo mbaya zaidi, maana lile jipya angalau linarudisha sehemu ya jua. Sasa wanataka na kuta ziwe bati, ili jiko liwe na pande tano.

Halafu hewa yenyewe. Kila mtu anapumua nje hewa chafu, na watoto themanini kwenye chumba chenye madirisha upande mmoja wanaivuta ileile tena na tena. Hii si habari mpya: Max von Pettenkofer, mganga wa Munich, alipima hewa chafu ndani ya madarasa na vyumba, na mwaka 1858 akasema kaboni dioksaidi isipite sehemu 1,000 katika milioni. Nje ni kama 420. Mpaka leo hiyo 1,000 watu wanaitumia. Sisi hatuna kifaa cha kupima lakini pua tunazo, ingieni darasani saa nne mtokee nje mvute pumzi, mtajua. Na siyo harufu tu. Surua, kifua kikuu, mafua ya kila wiki, yote yanapenda chumba ambacho hewa haitembei.

Jirani zetu wameshaona mwisho wa hii hadithi. Mwezi wa tatu 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu joto lilitegemewa kufika nyuzi 45. Mwezi wa pili 2025 wakafunga tena, wanafunzi walikuwa wanazimia Juba. Shule nyingi kule ni za bati, bila umeme. Rafiki zetu wa Sudan Kusini tunaoishi nao hapa wanayajua haya kuliko mimi. Na kwa wanaosema joto halihusiani na masomo: Marekani watafiti walifuatilia matokeo ya wanafunzi milioni 10, wakaona mwaka ukiwa na joto zaidi watoto wanajifunza kidogo zaidi, isipokuwa wale wenye madarasa yenye viyoyozi. Viyoyozi sisi hatutapata, tusidanganyane, na feni za sola zilizoletwa kwingine nimeziona, betri zilikufa kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo tunabaki na ujenzi, na ujenzi tunaujua kuliko tunavyojiamini. Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando huko Burkina Faso, alisoma utotoni kwenye darasa la saruji lenye joto na giza. Akaenda Ujerumani kusomea ubunifu wa majengo, akarudi kujengea kijiji chake shule ya msingi, ikaisha mwaka 2001. Matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari ya matofali hayohayo yenye matundu. Na paa la bati, ndiyo, bati letu hili, lakini amelinyanyua juu mbali na dari kwa vyuma vyembamba, upepo unapita katikati na kuondoka na joto kabla halijawashukia watoto. Wanakijiji wenyewe walibeba mawe na maji. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote za wabunifu wa majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Sasa nani ataniambia udongo ni aibu?

Tena huyohuyo Kéré ana kazi yake hapahapa Turkana, karibu na ziwa, chuo cha vijana cha Startup Lions kilichomalizika 2021. Ana minara mirefu iliyoigwa kwenye vichuguu vya mchwa, vile virefu mnavyoviona njiani kwenda Lodwar. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda na kutokea juu mnarani, na hewa mpya inavutwa na matundu ya chini. Hakuna injini. Mchwa hakwenda chuo.

Ukirudi karibu zaidi, mtazame Mturkana aliyetukaribisha. Kibanda chake cha mchana ni paa la matawi juu ya nguzo, pembeni wazi, na mzee amekaa humo saa nane mchana na kigoda chake hana wasiwasi. Sisi tunapita tunamuonea huruma, tunaingia kwenye bati letu kuiva.

Mimi nataka tujenge hivi. Kuta za matofali ya udongo ziishie kifuani mwa mtu mzima, juu ya msingi wa mawe, kwa sababu mafuriko ya hapa tunayajua na udongo ukilowa unaondoka. Kutoka kifuani mpaka juu tuweke wavu wa chuma uliochomelewa kwenye fremu, pande zote mbili ndefu. Mwizi hapiti kwenye wavu, hewa inapita. Chini tuache matundu yenye wavu wa macho madogo, nyoka asipite. Udongo mnene una faida moja ambayo watu hawaifikirii: joto la jua linachukua masaa kuuvuka, na watoto wa chekechea wanaondoka saa sita. Likifika ndani wao wako nyumbani. Usiku wavu uko wazi, ukuta unapoa, asubuhi unaanza upya. Kwa nyumba ya kulala ningesema vingine, maana joto hilo lingekukuta kitandani.

Jengo lilale kutoka mashariki kwenda magharibi, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Hapa tuko karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni litapiga kuta fupi tu. Na upepo mkubwa wa Turkana unatoka kusini mashariki, ni uleule unaozungusha mashine 365 za umeme ng'ambo ya ziwa kule Marsabit, kwa hiyo utaingia upande mrefu bila kutafutwa. Yale mabati ya ukutani yasipotee: yatumike kurefusha paa litoke nje hatua moja na nusu kila upande, tupate baraza ambapo wazazi wanakaa na watoto wanakunywa uji. Chini ya bati tupigilie dari ya mikeka, tuache nafasi ya kupita upepo kati yake na bati, na jiko la uji lihamie mbali kabisa, kwa sababu mkeka na cheche havikai nyumba moja. Juu ya bati tupake chokaa nyeupe. Mvua itaitoa, tutapaka tena, ni kazi ya vijana na ndoo nne.

Vumbi, nakubali, hapo ramani yangu ina udhaifu. Upande wa upepo tuweke vifuniko vya turubai vya kushusha kwa kamba, mwalimu anashusha upepo ukichafuka na kupandisha ukipita. Uzio wa mathenge utapunguza pia, angalau huo mti ufanye kazi moja ya maana. Kuna siku vumbi litaingia na tutafagia. Lakini vumbi baya ni la siku na siku, joto ni la kila siku ya masomo. Na mbu, kwa wale waliolitaja, mbu wa malaria anauma zaidi usiku, darasa halina mtu usiku.

Kuna mambo mengine hayahitaji bati wala udongo wala mfadhili, yanaweza kuanza kesho. Sweta iondoke kwenye sare. Vikombe viwe vingi na maji yawe mahali mtoto anafikia mwenyewe bila kuomba ruhusa. Masomo ya kukaa yaanze saa moja na nusu, saa nne watoto watoke chini ya mti. Mwalimu apewe mamlaka ya kutoka nje na darasa lake akiona limelegea, bila kuandikiwa vibaya na mkaguzi. Ufunguo wa darasa ukae kwake, siyo kwa mwenyekiti wa bloku ambaye asubuhi anatafutwa sokoni.

Mzee wangu wa Fizi, nakuomba usione kwamba nakupinga hadharani. Umetaka wajukuu wasomee mahali pa heshima, na mimi nataka hivyohivyo. Nakuomba kitu kimoja tu kabla ya Jumamosi: njoo darasani saa tano, ukae kwenye mkeka kati yao, mlango ufungwe, nusu saa. Nitakuletea maji.

Ramani nimeichora kwenye daftari la hesabu, kijana wetu mmoja aliyesomea ufundi Don Bosco ameniangalizia vipimo vya nguzo. Kikao ni saa tatu asubuhi pale chini ya mti wa kamati. Kina mama wa watoto wa chekechea, kikao kilichopita mlikuwa wawili peke yenu. Njooni na watoto.